Tenda ya City Hall: kulipwa ni kugumu kuliko kushinda

Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi hununua vitu vingi ambavyo mfanyabiashara mdogo wa Gikomba, Kayole au Kawangware anaweza kuuza bila shida yoyote: sabuni ya hospitali, karatasi za ofisi, unga na maharagwe, sare za wafanyakazi, vipuri vya malori ya taka, rangi, ukarabati wa choo cha zahanati. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaitaka kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya ununuzi wake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwenye kaunti, sheria hiyo hiyo inawatengea wakazi wa kaunti husika angalau asilimia 20. Mlango upo, na umeandikwa kwenye sheria.

Hata hivyo wengi wanaopita mlango huo huanguka mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye makaratasi, ambapo zabuni hutupwa nje kabla mtu yeyote hajalinganisha bei. Mara ya pili ni baada ya kushinda, bidhaa zikiwa tayari stoo ya kaunti na pesa hazionekani. Ushauri mwingi unaotolewa kwenye semina unahusu anguko la kwanza. Naona la pili ndilo linaloua biashara, na mpango wa asilimia 30 haukuligusa. Anayeiuzia kaunti bidhaa anaikopesha, na anapaswa kuichagua tenda kwa macho ya mkopeshaji: nani anadaiwa, pesa zitatoka wapi, na mimi nitaishi vipi nikisubiri.

Tuanze na kuingia, maana bila hapo hakuna la kujadili.

Cheti cha AGPO, mpango wa upendeleo ulioanza mwaka 2013, hutolewa na Hazina ya Kitaifa kupitia mtandao, bila malipo, na hudumu miaka miwili. Anayekudai pesa ili "akupitishie" cheti anakuibia. Sharti lenyewe ni kwamba walengwa wamiliki angalau asilimia 70 ya biashara na uongozi wote uwe mikononi mwao. Kampuni ya wanawake yenye mkurugenzi mmoja mwanamume haitimizi sharti la uongozi, hata kama hisa zake ni chache. Kwa vijana kuna mtego mwingine: Katiba inamtambua kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Washirika watatu walioanzisha kampuni wakiwa na miaka 33 watajikuta nje ya kundi muda si mrefu, na ni vyema wawe na mpango wa hisa kabla cheti hakijaisha, kuliko kugundua wakati kamati ya tathmini inasoma nakala za vitambulisho.

Kukodisha cheti ni jambo ambalo halifai kuzungumziwa kwa mafumbo. Mwenye mtaji humwendea kijana mwenye AGPO, hutumia jina lake kuomba tenda, kisha humwachia vishilingi. Anayetia sahihi fomu ni yule kijana. Taarifa za uongo kwenye zabuni zinaweza kuifanya kampuni izuiwe kushiriki ununuzi wa umma kwa muda usiopungua miaka 3, na jina linalozuiwa ni lake, si la tajiri aliyempa mtaji.

Cheti pekee hakileti kazi. Bidhaa na huduma zisizozidi KSh milioni 3, na kazi za ujenzi zisizozidi KSh milioni 5, zinaweza kununuliwa kwa kuomba bei kutoka kwa wafanyabiashara wasiopungua watatu waliomo kwenye orodha ya wauzaji waliosajiliwa na taasisi. Kwa biashara ndogo, hapo ndipo kazi nyingi zilipo. Usipokuwa kwenye orodha, ombi la bei halitakufikia, na hutajua hata kwamba lilitolewa. Kwa hiyo tangazo la kusajili wauzaji lina uzito kuliko matangazo ya tenda kubwa zinazovuta macho. Hutoka kwenye tovuti ya kaunti, kwenye lango la serikali la taarifa za zabuni na mara nyingi kwenye jarida la MyGov. Jisajili katika makundi mawili au matatu unayoyamudu kweli. Biashara iliyojiandikisha kuuza kalamu, nyama, tairi na huduma za bima kwa pamoja huonekana ilivyo: haina stoo, haina msambazaji, inatafuta tu pa kushika.

Tena, neno "City Hall" huwapotosha watu wakadhani mnunuzi ni mmoja. Bunge la Kaunti hununua kivyake. Kampuni ya maji na majitaka ya jiji hununua kivyake. Hospitali kama Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani zinaruhusiwa na Sheria ya mwaka 2023 ya kuboresha vituo vya afya kubaki na mapato yao na kuyatumia. Kila mmoja kati ya hawa ana bajeti yake, mpango wake wa ununuzi na tabia yake ya kulipa. Tofauti hizo nitazirudia, kwa sababu zina thamani kubwa kuliko ujanja wowote wa kupanga bei.

Sasa bahasha. Tathmini hupita hatua tatu: ya awali, ya kiufundi na ya kifedha. Hatua ya awali ni ya ndiyo au hapana. Hakuna alama za nusu. Kukosa kitu kimoja kilichotajwa kuwa cha lazima kunatosha kukuondoa, hata kama bei yako ndiyo ya chini kuliko zote. Sehemu hiyo ya hati ya zabuni isomwe kwa kalamu mkononi, mstari kwa mstari, na kila sharti liandikiwe namba ya ukurasa utakaolijibu.

Yanayowaangusha watu yanajulikana. Cheti cha utiifu wa ushuru kutoka KRA kilikuwa hai siku ya kuandaa, kikaisha siku mbili kabla ya kufunguliwa kwa zabuni. CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na hisa, ni ya miezi 14 ilhali tangazo lilitaka ya miezi isiyozidi 12 au 6. Kibali cha biashara cha kaunti ni cha mwaka uliopita, jambo linalotokea sana Januari na Februari. Cheti cha AGPO ni cha kundi la wanawake na tenda imetengewa vijana. Fomu ya zabuni imejazwa bei na kuachwa bila tarehe au bila sahihi. Fomu za kujitangaza kwamba hujazuiwa kushiriki na hutajihusisha na ufisadi zimerukwa kwa kuwa zinafanana. Fomu ya wamiliki halisi wa kampuni imeachwa tupu kwa imani kwamba CR12 inatosha. Haitoshi.

Halafu kuna namba za kurasa. Sheria inataka kila ukurasa wa zabuni uwe na namba kwa mfuatano, na kampuni zenye uwezo mkubwa zimepoteza tenda kwa hili. Namba huanza kwenye ukurasa wa kwanza kabisa na huendelea hadi wa mwisho bila kurudia, bila kuruka, zikiwemo kurasa za vyeti, katalogi na taarifa za benki. Makosa hutokea pale mtu anapochomeka karatasi dakika ya mwisho na kuiandika 47A, au anapotegemea namba za chapa zilizokuwa kwenye hati ya zabuni yenyewe. Panga kurasa zote kwanza, zifunge, ndipo uandike namba kwa mkono au kwa mashine. Ukihitaji kuongeza karatasi baadaye, anza upya. Kama kunatakiwa nakala, nakala itolewe kwenye ile iliyokwisha kuandikwa namba, ili zifanane hadi nukta.

Kuhusu dhamana ya zabuni, yaani ahadi kwamba hutajiondoa, sheria inaweka kikomo cha asilimia 2 ya thamani ya zabuni, na biashara zilizo chini ya AGPO hujaza fomu ya tamko badala ya kwenda benki. Tamko hilo ni ahadi yenye meno: ukishinda kisha ukajiondoa, unaweza kufungiwa kwa muda. Anayelipa dhamana ya benki aangalie siku zake. Mara nyingi hati hutaka dhamana iendelee siku 30 baada ya muda wa uhalali wa zabuni kwisha, na benki huandika muda mfupi kwa sababu mteja hakuwaambia.

Tangu 2025 Hazina ya Kitaifa imekuwa ikisukuma ununuzi wote uhamie kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki uitwao e-GP, na suala hilo likazua mivutano na kesi mahakamani. Kwa mwombaji jambo la kufanya ni moja: soma tangazo la tenda husika ujue kama linataka bahasha au mtandao, na usichukulie kwamba ilivyokuwa tenda iliyopita ndivyo ilivyo. Fungua akaunti mapema hata kama huna tenda mkononi. Saa ya kufunga zabuni ndiyo saa ambayo intaneti huelemewa.

Kwenye bei kuna kanuni moja kali ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 82 cha Sheria kinasema jumla iliyoandikwa kwenye fomu na kusomwa hadharani ni ya mwisho, hairekebishwi. Nayo kanuni ya 74 ya Kanuni za 2020 inalihesabu kosa la kuzidisha au kujumlisha kuwa ni mkengeuko mkubwa unaoweza kukuondoa. Maana yake ni kwamba kwenye jedwali lenye bidhaa 60, kosa la kuzidisha katika mstari mmoja halitasahihishwa na mtu mwema ofisini. Tumia programu ya jedwali la hesabu, kisha mtu wa pili azidishe upya kwa kikokotoo akitumia karatasi iliyochapwa, maana ndiyo itakayosomwa. Hakikisha jumla kwenye jedwali la bei na jumla kwenye fomu ya zabuni ni ile ile hadi senti. Kupunguza bei "kidogo" kwenye fomu bila kurekebisha jedwali ni kujitoa mwenyewe.

Hapo sasa tufike kwenye bei yenyewe, mahali ambapo mfanyabiashara mdogo hujidanganya bila kujua.

Chukua tenda ya vifaa vya usafi. Muuzaji wa jumla anakupa mzigo kwa KSh 780,000 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na VAT ya asilimia 16 juu yake ni KSh 124,800. Usafiri na upakuaji KSh 30,000. Uchapishaji, vyeti na safari za ofisini KSh 20,000. Ukiuza kwa KSh 1,000,000 kabla ya VAT, na umesajiliwa VAT, unabaki na KSh 170,000. Inaonekana faida nzuri.

Kama hujasajiliwa VAT kwa sababu mauzo yako ya mwaka hayajafika KSh milioni 5, mambo ni tofauti. Ile KSh 124,800 hutaidai KRA. Inakuwa gharama yako. Gharama zote zinafika KSh 954,800, na ukiandika KSh 1,000,000 umebakiwa na KSh 45,200 tu. Wengi huandika milioni moja kwa sababu mshindani ameandika milioni moja, bila kuona kwamba ya mshindani itakuwa 1,160,000 baada ya kodi. Kaunti hulinganisha jumla yenye kodi zote ndani. Asiyesajiliwa anaweza kuandika KSh 1,120,000, akabaki na 165,200, na bado akawa wa bei ya chini. Bei za kuogopa namna hii zimewamaliza watu walioshinda kila tenda waliyoomba.

Rudi kwa aliyesajiliwa, ambaye amebakiwa na 170,000. Tuseme amekopa KSh 700,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kiwango ambacho si kigeni kwa anayekopa bila kiwanja cha kuweka rehani. Riba ni KSh 21,000 kila mwezi. Mwezi wa nane riba imefika 168,000 na karibu faida yote imeliwa. Kuanzia mwezi wa tisa anailipa kaunti ili aihudumie. Juu ya hayo, VAT ya mauzo inadaiwa pale bidhaa zinapotolewa au ankara inapoandikwa, haisubiri malipo: tofauti ya 160,000 na 124,800, yaani KSh 35,200, inatakiwa KRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anailipa kutoka mfukoni. Siku kaunti itakapolipa, itakata asilimia 2 ya thamani kama VAT ya kuzuiliwa na, kwa bidhaa, asilimia 0.5 ya kodi ya mapato. Makato hayo ni yake na hudaiwa kwenye hesabu za ushuru, ila siku hiyo benki ataona pungufu la KSh 25,000 ambalo hakuliweka kwenye mpango.

Kwa hiyo swali la bei gani niandike linatanguliwa na swali la miezi mingapi nitasubiri. Jibu la Nairobi halifichiki. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeiweka kaunti hii juu ya orodha ya zinazodaiwa mwaka baada ya mwaka, kwa makumi ya mabilioni ya shilingi, na sehemu ya madeni hayo ilirithiwa kutoka kwa lililokuwa Baraza la Jiji. Kamati za kuhakiki madeni zimeundwa na utawala mmoja baada ya mwingine. Kila kamati mpya hurudisha faili nyuma, na mdai hutakiwa kuthibitisha upya alichouza miaka iliyopita, kwa ofisa ambaye hakuwepo.

Kuna njia za kuupunguza muda huo, na zote zinaanza kabla ya kuomba.

Kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mgao kutoka serikali kuu huchelewa, na mapato ya kaunti yenyewe hujaa zaidi kati ya Januari na Machi, wakati wa vibali vya biashara na kodi ya ardhi inayotakiwa kufikia Machi 31. Agizo la Septemba au Oktoba, likikabidhiwa kabla ya Krismasi, linaikuta ankara yako imekaa kwenye foleni wakati pesa zinaingia. Agizo la mwishoni mwa Mei ni jambo jingine kabisa. Usipolipwa kabla ya Juni 30, fungu la bajeti lililokuwa likikungoja linafungwa, deni linahamia mwaka mwingine na linahitaji kupangiwa bajeti upya likishindana na miradi mipya ambayo ina watetezi wengi kuliko wewe. Mtu akikuletea LPO, hati ya kuagiza bidhaa, Juni 10 na kusema ni ya haraka sana, haraka hiyo ni ya kutumia fungu, si ya kukulipa. Kuikataa kazi ya aina hiyo ni uamuzi wa kibiashara, na unahitaji ujasiri.

Pili ni chanzo cha pesa. Sheria, kifungu cha 53, inakataza kuanza ununuzi ambao hauna fedha za kutosha kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Mpango wa ununuzi wa mwaka ni hati unayoweza kuiomba. Itazame: je, bidhaa hii imo, na katika robo ipi? Kazi inayolipwa na mapato ya hospitali inategemea hospitali inavyolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kazi ya mradi wa wadi inategemea fungu la maendeleo, ambalo hukatwa la kwanza pesa zinapopungua. Ununuzi wa matumizi ya kawaida ya ofisi ni mdogo ila hulipwa kwa utulivu zaidi. Usiulize tu ofisi ya ununuzi, ambayo kazi yake inaisha bidhaa zikifika. Waulize wafanyabiashara wawili waliouza mahali hapo mwaka uliopita walilipwa lini.

Tatu ni hati ya agizo. LPO ya bidhaa au LSO ya huduma itoke kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha. Iliyoandikwa kwa mkono, au barua ya ofisa inayosema "tafadhali leta, hati itafuata", haijafunga fungu lolote la bajeti. Madeni mengi yanayokataliwa kwenye uhakiki huanza hivyo. Hata ukiwa na barua ya kushinda tenda, kifungu cha 135 kinasema hakuna mkataba hadi utiwe sahihi kwa maandishi, na hautiwi kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa ya ushindi kutolewa. Kununua mzigo katika siku hizo 14 ni kucheza na mtaji wako.

Matapeli wameielewa hamu hii ya kazi. LPO bandia zenye nembo ya kaunti huja kwa barua pepe, zikiomba bidhaa zinazouzika haraka kama simu, kompyuta au matangi ya maji, zipelekwe kwenye "stoo" isiyo jengo la kaunti. Nenda mwenyewe na namba ya agizo hadi ofisi ya ununuzi kabla ya kupakia chochote.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye tenda daftari ni faili moja kwa kila agizo. Ndani yake kuwe na tangazo au ombi la bei, zabuni yako, barua ya kushinda, barua ya kukubali, mkataba au LPO, hati ya kukabidhi bidhaa yenye jina kamili, cheo, sahihi, tarehe na muhuri wa aliyepokea, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, fomu ya S13 inayoonyesha bidhaa zimeingia stoo, na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA. Sheria yenyewe inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji ithibitishe wingi na ubora. Sahihi ya mlinzi getini au ya mtunza stoo pekee haiishiki nafasi hiyo. Watu huacha mzigo, hupiga picha na kuondoka wakiamini wamemaliza. Miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka kamati ilikaa lini, kwa sababu haikukaa. Usiondoke bila tarehe ya ukaguzi, na uwepo siku hiyo.

Maelezo ya bidhaa kwenye LPO, kwenye hati ya kukabidhi na kwenye ankara yafanane neno kwa neno. LPO ikisema sabuni ya maji lita 20, madumu 150, usilete madumu 600 ya lita 5 ukadhani ni sawa kwa kuwa lita ni 3,000. Mkaguzi atasema hukuleta kilichoagizwa, na atakuwa sahihi. Chapa ikikosekana sokoni, omba idhini ya maandishi kabla ya kubadilisha. Usipoweza kukamilisha wote, kabidhi kwa awamu zilizokubaliwa na uwe na hati kwa kila awamu. Tazama pia muda wa LPO yenyewe. Ukipita kabla hujakabidhi, omba uongezewe kwa barua, usipeleke mzigo kwa hati iliyokufa.

Ankara ikishafikishwa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku za kuchelewa huhesabiwa kutoka hapo. Kifungu cha 140 kinatoa haki ya riba kwa malipo yaliyochelewa, na karibu kila mfanyabiashara mdogo huiacha haki hiyo kwa hofu ya kutoitwa tena. Hofu hiyo ina msingi, lakini kuandika barua ya kila robo mwaka inayotaja deni, tarehe na riba iliyolimbikizwa hakuhitaji vita. Kamati ya uhakiki ikija, barua hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba deni halikuzuka jana.

Mtaji wa kusubiria pia una njia bora kuliko mkopeshaji wa mtaani. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana na Mfuko wa Wanawake zimekuwa zikitoa fedha kwa msingi wa LPO, na benki kadhaa hufanya hivyo kwa sehemu ya thamani ya agizo. Mkopeshaji mwenye busara atamwandikia mnunuzi kuthibitisha agizo. Mwombaji achukulie jibu hilo kama kipimo: benki ikikataa LPO ya idara fulani kwa sababu idara hiyo hailipi, imekupa bure taarifa ambayo ungeipata kwa hasara. Unaweza pia kumshawishi muuzaji wa jumla akupe mzigo kwa siku 60 au 90, ukamlipa bei ya juu kidogo. Kwa mikataba mikubwa kidogo, sheria inaruhusu malipo ya awali yasiyozidi asilimia 20. Hayaji kwa kudai. Yawe kwenye mkataba.

Na ukishindwa? Barua ya kukujulisha lazima itaje sababu. Ikikuambia tu kwamba "hukufanikiwa", andika siku hiyo hiyo kuomba sababu na muhtasari wa tathmini. Malalamiko kwa PPARB, bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, yanatakiwa ndani ya siku 14, na bodi huamua ndani ya siku 21. Yana ada, na kwa tenda ya laki nane mara nyingi wakili atagharimu zaidi ya faida uliyoikosa. Ila sababu zilizoandikwa ni mali. Mtu aliyeanguka mara tatu kwenye hatua ya awali kwa makosa tofauti ana kazi ya kupanga faili. Aliyefika hatua ya kifedha mara tatu na kupitwa kwa asilimia 20 ana tatizo la msambazaji, na kuendelea kuomba tenda zile zile hakutamsaidia.

Kwa wanaotunga sera, naliona pengo mahali pamoja. Kaunti hupimwa kwa thamani ya tenda ilizowapa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Taarifa za utekelezaji hujaa idadi ya waliopewa kazi. Hazisemi ni wangapi kati yao walilipwa, na baada ya siku ngapi. Kijana aliyepewa LPO ya laki saba na kungoja miezi 18 anahesabiwa kama mafanikio ya asilimia 30, ilhali duka lake limefungwa. Miswada ya kulazimisha malipo ya haraka imezungumziwa Bungeni kwa miaka. City Hall haihitaji kuingoja. Inaweza kuchapisha kila mwezi orodha ya ankara za kundi la AGPO kwa tarehe ya kupokelewa, namba ya agizo na tarehe ya kulipwa. Inaweza kuamua kwamba ankara zisizozidi KSh milioni 3 zilipwe kwa mpangilio wa tarehe, bila ofisa kuwa na uwezo wa kuirusha moja mbele ya nyingine. Inaweza kukataa kutoa LPO baada ya Aprili kwa bidhaa ambazo haina pesa zake benki. Hakuna kati ya haya kinachohitaji sheria mpya, na cha kwanza kinaweza kuanza na orodha ambayo idara ya fedha inayo tayari.

Mpaka hapo, mwombaji ajiwekee kikomo chake. Kinachoonekana kuwa cha busara ni kutoruhusu pesa zinazodaiwa kaunti zizidi theluthi moja ya mtaji wa biashara kwa wakati wowote, na kutoomba tenda ya pili kwa idara ile ile kabla ya kuona idara hiyo imelipa ya kwanza. Duka linalouza kwa wateja wa kila siku liendelee kuuza, hata kama kandarasi ya jiji inaahidi zaidi. Linalipa kodi ya pango, linalipa mishahara, na ndilo litakalomwezesha mwenye ankara kungoja foleni bila kuiuza faili yake kwa dalali wa malipo anayeahidi kuipitisha kwa asilimia fulani.